Naam kwa Niaba ya Kijiti

Fundi wa mtandao wa hospitali ile alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe, na chumba cha mitambo kilimwendekeza. Feni zikivuma na taa za kijani zikikonyeza, mama huyu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaziona kompyuta zote kama vyumba vya jumba moja lenye korido nyingi. Usimcheke. Kazi aliijua kwa njia hiyohiyo.

Wiki hiyo mashine ya kupima damu ilikuwa haifikishi majibu mapokezi. Anwani yake ilikuwa 10.20.3.14, na ya mapokezi 10.20.7.5. Namba tatu za mwanzo ni korido, ya mwisho ni chumba. Kinachoiambia mashine korido inaishia wapi ni namba nyingine, maski, na hospitali nzima ilitumia 255.255.255.0: penye 255 bado ni korido, penye sifuri chumba kinaanza. Sasa mashine ile ilikuwa na 255.255.0.0! Ikaamini kila mwenye 10.20 ni jirani wa korido yake. Badala ya kumkabidhi barua ruta, yule bawabu wa langoni anayevusha mambo kwenda korido nyingine, ikawa inaita tu mlangoni kwake, "Wewe wa 7.5, uko wapi?" Nani aitike, na mwenyewe hayupo?

"Si ubadilishe hiyo maski tupumue?" alisema mkuu wa maabara.

"Kiwanda kimeifunga, bosi. Haishikiki."

Jioni alirudi nyumbani hoi. Baba yake, fundi cherehani wa zamani ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemtupa mkono, alisimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni.

"Kijiti! Njoo nikupime mabega!"

Kijiti ni kitindamimba wake, mwembamba tangu utotoni, sasa ana watoto wanne na anaishi nchi ya mbali. Sahani ya mchana ilikuwa haijaguswa. Tangu jana mzee alikuwa ameapa hatakula kitu mpaka ampime mwanawe koti.

"Baba, Kijiti hayupo. Alihama zamani."

"Amehama? Bila kuniaga?"

Akalia kama alivyolia asubuhi, maana kila akiambiwa ilikuwa habari mpya. Lo, binti alijichukia!

Kesho yake, juu ya ndoo, feni zilimchukua tena. Akamwona baba katika korido ndefu, akiita watu waliokwisha hama, akidhani wote bado wamo nyumbani. Jamani, huyu naye maski yake haishikiki. Ndipo akakumbuka kwamba ruta inaweza kuamriwa kuwajibia walio mbali. Mashine ikiita 7.5, bawabu aseme, "Mimi hapa," apokee barua na kuifikisha. Ni uongo? Akiitupa barua, ndiyo. Akiifikisha, mbona ni kazi nzuri tu! Aliandika amri ile, na kabla ya saa sita majibu ya damu yalikuwa mapokezi. Mkuu wa maabara alimpigia makofi, lakini mawazo ya fundi yalishafika nyumbani.

Jioni sauti ilikuwa ileile, imedhoofika.

"Kijiti!"

Binti aliimeza "abee" yake ya siku zote. Akaitika, "Naam, baba."

Uso wa mzee ukachanua. "Ulikuwa wapi, mtundu wewe? Mabega yamefika ngapi?"

Binti alishampigia mdogo wake simu, akanong'ona. "Kijiti, jipime mabega. Sasa hivi, ndugu yangu, usiniulize."

"Nijipime nini? Una wazimu?"

"Baba anauliza."

Droo zikasikika zikifunguliwa, mkewe akaitwa ashike upande mmoja wa tepu, na sauti ikarudi. "Kumi na tisa na nusu."

"Inchi kumi na tisa na nusu, baba."

Mzee alivuta tepu, akabana ile namba kwa kidole gumba.

"Lo! Umekua, mwanangu," alisema, akaivuta sahani.

Simu ilikuwa haijakatwa, na Kijiti alisikia.