Mbuzi wa shukrani na damu niliyoiona ikizunguka kwenye skrini

Wakuu, salamu kutoka Kamina, huku Kongo. Humu nasoma nyuzi nyingi za watu waliopona. Huu wangu ni wa kweli kama zile nyingine, ila hauna utamu.

Baba alikuwa mwalimu, na mwimbaji wa besi, sauti ile nzito, katika kwaya yetu ya Kimetodisti. Miaka ya tisini, kabla ya vita, alipasuliwa Afrika Kusini. Mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umevimba. Wakakata kipande na kushona bomba bandia mahali pake.

Aliporudi, kanisa likafanya ibada ya shukrani. Kwetu, ukishashukuru mbele ya watu na mbuzi akaliwa, umepona. Harudi mtu kusema vinginevyo.

Baada ya miezi kadhaa sauti ikamkauka. Besi ile ikawa mnong'ono. Akasema ni vumbi. Kisha yakaja maumivu katikati ya mabega.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, likizoni. Nikamsihi aende Lubumbashi kupimwa.

"Mutoto, bantu balishakula mbuzi yangu," akacheka, akimaanisha watu wa kanisa. "Sasa nibatapishe?"

Mama hakucheka. "Weye unaogopa bantu kupita kaburi."

"Siogope bantu. Mungu njo nitamuambia nini?"

Vita vikaja. Treni zikawa za askari. Tulipopata nafasi kwenye behewa la mahindi, baba alikuwa tayari anakohoa damu.

Lubumbashi, daktari alikuwa na mashine inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi, dopla. (Siku hizi viko vipimo vya ajabu zaidi.) Nikaona nyekundu ikienda vizuri, halafu penye mshono ikachepuka, ikaingia kwenye mfuko usiopaswa kuwepo, ikazunguka humo pamoja na buluu, rangi ya damu inayorudi nyuma. Mfuko huo ndio uliobana mshipa wa fahamu wa sauti.

"Mshono umeachia. Sauti ilianza kukauka lini?"

Nikamwambia. Akafuta jeli kifuani mwa baba, taratibu.

"Wakati ile ndege za Afrika Kusini zilikuwa zinaenda, papa. Mungekuya wakati ile."

Baba akaanza kufunga vifungo vya shati.

Hakurudi Kamina akiwa hai. Matangani mzee wa kanisa akasimama: "Mwalimu alikuwa na imani. Hakulalamika hata mara moja." Watu wakaitika amina.

Kisha tukachinja mbuzi wa pili.

Funzo, wakuu: aliyepasuliwa akiona badiliko, arudi kwa daktari, hata kama ushuhuda alishautoa. Mungu haaibishwi na kipimo.

Nanyi niambieni: kanisani au msikitini kwenu, mtu akishashukuru, ana ruhusa ya kuugua tena?