Shemeji, Geuka

Nimewapeleka wanawake wa Mayfair, hapa Johannesburg, kwenye maporomoko kwa miaka tisa, na maporomoko yenyewe sikuwahi kuyaona. Watu wakisikia hivyo hucheka. Na wacheke. Mimi ni dereva, na dereva mwanamume akishaegesha kibasi hukaa chini ya mti wake, akayapa maji mgongo. Hilo ndilo sharti.

Kikundi chao ni cha akina mama wa Tanga, Dar na Unguja wanaosali msikiti mmoja, wanaozikana na kuozana. Kila kiangazi, siku moja ya katikati ya wiki, hukodi shamba la Mzungu mmoja kule milima ya Magaliesberg. Kijito kinashuka kutoka kwenye jabali na kutuama bwawani, na siku hiyo hakuna mgeni mwingine. Mwenyekiti wao, bibi wa Kiunguja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, huvaa kipenga shingoni. Akipuliza mara moja hupaza sauti: "Shemeji, geuka!" Nami nageuka. Akipuliza mara mbili, basi wote wameshavaa nguo kavu na naweza kuja kula pilau. Baina ya vipenga hivyo nakaa juu ya kreti ya soda, fimbo mkononi, nikitazama maegesho na nyani. Nyani wa kule hawana adabu hata chembe. Mwaka mmoja walibeba chapati zote, na lawama zikanishukia mimi.

"Shemeji, ulikuwa unalinda nini?"

"Nalinda macho yangu," niliwajibu, na sikupewa hata kachori siku hiyo.

Kwa hiyo maporomoko nilikuwa nayajua kwa masikio tu. Mvua zikiwa nyingi yanaunguruma. Mwaka wa ukame yanalia kama bomba lililosahauliwa wazi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa mwogeleaji wao. Kwao ni Amani, milimani juu ya Muheza, na amekulia ndani ya mto Zigi. Wenzake wengi waliishia magotini, wakirushiana maji na kupiga mayowe. Yeye alivuka bwawa na dera lake mpaka chini ya maporomoko. Nilijua amefika wapi kwa kumsikia mwenyekiti: "Rudi wewe mwanamke, utatuua kwa presha!"

Mdogo wake ameolewa Italia, mashambani huko, na kila Jumapili hutuma video. Leo yuko kwenye mto wenye mawe meupe, wiki ijayo yuko chini ya maporomoko yaliyozungukwa na ukoka, kanisa dogo likionekana juu ya kilima. Mumewe ni mzee wa Kitaliano mwenye kitambi na kandambili, na kikapu cha mkate hakimtoki mkononi. Mwisho wa kila video kikapu huwekwa chini, wakashikana mikono, wakaingia majini huku shemeji yangu akipiga vigelegele.

"Unaona?" mke wangu alikuwa akiniambia. "Mume na mke, wanaingia pamoja."

"Yule mzee amestaafu. Mimi nimetoka lindoni."

"Twende siku moja, mimi na wewe tu. Kibasi si unacho?"

"Mwakani."

Sikuwa nadanganya. Usiku nalinda ghala, asubuhi napeleka watoto wa watu shule, mchana nalala kwa saa tatu nikibahatika. Jumatano ndiyo siku yangu moja ya kulala kama binadamu. Lakini nilisema mwakani mara nyingi mno, mpaka likawa jina langu nyumbani. "Bwana Mwakani amerudi," alikuwa akiwaambia wageni, nami nacheka pamoja nao, mjinga mimi.

Mwaka juzi kiharusi kikampiga. Alikuwa akikunja nguo kitandani, shati langu likamtoka mkononi, naye akafuata chini. Upande wa kushoto ulilegea na maneno yakaanza kuja moja moja. Tangu hapo namwogesha, namvalisha, namlisha, kisha naenda lindoni. Nasema wazi: nimechoka. Nimechoka mpaka uchovu umenizoea. Siku nyingine naegesha gari nje ya nyumba na kukaa tu, ufunguo mkononi, kwa sababu ndani kuna kazi nyingine. Video za Italia bado anazitazama, lakini haniambii tena "unaona". Hilo lilinichoma kuliko utani wake wote.

Kiangazi kilichopita walimkalisha kwenye kiti cha plastiki ukingoni, taulo magotini. Kiangazi hiki, wiki moja kabla ya safari, akanishika mkono na kusema, "Nataka kuingia."

"Mawe yale yana utelezi. Maji ni barafu. Tuvute subira, mwa..." Nikalimeza. Yeye alishalisikia. Akageuzia uso ukutani.

Basi tukaenda. Nilikuwa nimetoka lindoni, macho yamejaa mchanga. Shambani wakambeba mpaka ukingoni, kipenga kikalia, nikageuka na kukaa juu ya kreti yangu. Nikawasikia wakipanga: wewe shika huku, na wewe kwapani, taratibu jamani. Kisha nikasikia mtu ameteleza, na mayowe.

"Subhanallah! Mshikeni! Mshikeni!"

Nilisimama, maji bado nimeyapa mgongo. "Kuna nini?"

"Usigeuke!"

"Niambieni kama yu salama!"

"Yu salama, shemeji, amekaa tu. Tumeteleza sote." Kisha nikamsikia mwenyekiti akimbembeleza kwa sauti ya chini: "Inatosha, mwanangu. Tumejaribu. Rudi kwenye kiti."

Hapo mke wangu akalia. Hakulia hospitali. Hakulia siku nilipomnyoosha vidole vya mkono wa kushoto vikakataa. Sasa alilia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, na mimi nilikuwa nimesimama nikiwatazama nyani. Nikaona haya. Miaka yote ile aliniomba kitu kimoja, tena cha bure.

"Mwenyekiti," nikasema, bila kugeuka, "mimi ni mumewe."

"Tunajua."

"Basi nipisheni nimwingize."

"Na sisi twende wapi? Tumelowa hivi!"

Wakanong'onezana. Kisha kipenga kikalia mara moja, kikali.

"Wanawake! Geukeni!"

Nilipogeuka niliwakuta wamesimama mstari mmoja, wanawake kumi na wanne, kanga zimetupwa juu ya vichwa, nyuso zimeelekea jabalini kama wanafunzi waliopewa adhabu. Mmoja alikuwa akicheka chini ya kanga yake. "Asichungulie mtu," mwenyekiti akaonya. "Shemeji ana haya."

Mimi siwezi kuogelea. Nimekulia Tandika, maji tuliyoyajua ni ya ndoo. Nilivua viatu na saa, simu nikaisahau mfukoni. Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Eish, maji yale! Yalinikata pumzi. Nikaenda hatua kwa hatua mpaka yakanifika kifuani.

"Niachie," akasema.

"Siwezi."

"Shika mgongo... tu. Mwili niachie."

Akanifundisha kwa maneno yake machache: kiganja chini ya mgongo, usikaze. Akalala juu ya maji. Mkono wa kulia ukaanza kupiga kasia pole pole. Ule wa kushoto, ambao kila asubuhi nauinua mimi, nauosha mimi, nauingiza mimi kwenye nguo, ukaelea wenyewe bila mtu kuushika.

"Unatetemeka," akasema.

"Baridi."

"Unaogopa."

"Ndiyo. Naogopa."

"Usiogope. Mimi... nayajua maji."

Sikumwondolea macho hata kidogo. Nilikuwa nikilia na sikujali.

"Nyie, sisi tuna miguu!" mwenyekiti akalalamika kwa jabali. "Mtamaliza lini?"

"Bado!" mke wangu akajibu. Tangu kiharusi sikuwa nimemsikia akisema neno kwa nguvu namna ile. Mstari mzima ukapasuka kwa vigelegele, na hakuna aliyegeuka.

Jioni tukirudi, roboti ya kwanza ya mjini, taa za barabarani kwa lugha ya huku, ikatukamata ikiwa nyekundu. Kutoka viti vya nyuma mmoja akauliza, "Haya shemeji, leo umeyaona. Yakoje?"

Nilikuwa nimesimama chini yake na sikuinua kichwa. Nilipokiri hivyo, kibasi kizima kilicheka mpaka madirisha yakaingia ukungu.

Mke wangu alikuwa kando yangu, amefungwa kanga mbili, nywele bado zinatiririka. Akanigeukia taratibu.

"Basi," akasema, "mwakani... utayaona."

Sikujua kama ananitania au ameamua kunisamehe. Roboti ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi.

"Jumatano," nikamwambia. "Hii inayokuja. Mimi na wewe tu."

"Jumatano... unalala."

"Najua," nikasema, nikaondoa gari.