Mapumziko ya Shangazi

Juzi mwanangu alitega simu yake: dakika ishirini na tano za kusoma, tano za kupumzika. Ilipolia alijilaza chali, hata mkono hakuuinua. Shangazi yangu, aliyekuja kututembelea Kitale, akacheka.

“Ata mama yako nilimfundisha hivyo hivyo.”

Hivyo hivyo!

Kule kwake Kachibora, nilikoishi nikiwa shule ya msingi, alikuwa na saa ya mezani iliyolia kama bati linalokwaruzwa. Mchana mmoja aliitega akiwa amenipa mgongo, nami nikafungua kitabu cha hesabu. Redioni ulipigwa wimbo mmoja tu, saa ikalia. Mapumziko yangu yalikuwa kupukuchua mahindi. Zikasomwa salamu zote za wasikilizaji, ikaja taarifa ya habari, vumbi la mahindi likanijaa puani, vidole vikatoka malengelenge, na saa bado kimya.

“Anti, sikumaliza ata ukurasa moja,” nilimwambia iliporejea kulia.

“Basi ni kichwa yako nzito, bana. Saa iko sawa.”

Nilimwamini. Niliubeba uzito huo wa kichwa mpaka darasa la nane, nikaanguka mtihani. Sasa najua vile saa hutegwa: kitabu alikikatia muda, mahindi akayaongezea.

Juzi sikubishana naye. Nilitoka stoo na karai la mahindi makavu, nikaliweka miguuni pake.

“Anti,” nikamwambia, “pumzika.”