Sindano ya Parsaoti

Kazi ya Soipan ilikuwa kutunza panya na kuwadunga sindano katika maabara moja nje ya Kitengela. Panya hao walikuwa na ugonjwa wa kusahau, ule wa Alzheimer, na dawa iliyokuwa ikijaribiwa ilikuwa ya chembe za nano, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani ya ubongo, zikiwa zimebeba antioksidanti za kuzuia seli zisizidi kuharibika. Soipan alishuhudia panya waliokuwa wakizunguka ovyo wakianza kukumbuka njia.

Nyumbani Kajiado, baba yake, Parsaoti, alikuwa ameanza kupotea. Daktari alisema ndio mwanzo wa ugonjwa uleule. Kisha siku moja mzee akasahau ng'ombe barabarani, lori likaua mtamba, naye akabaki amesimama katikati ya lami.

Jumamosi iliyofuata Soipan alificha kichupa cha dawa kwenye chupa ya chai yenye barafu, akaenda nyumbani. Kaka yake, Leshan, ndiye aliyekuwa amemsihi.

"Haijawahi kupewa mtu," Soipan alimwambia. "Hata mmoja."

"Sasa unangoja apotee kabisa?"

Mzee alikuwa nje, akisafisha jicho la ndama. Siku hiyo akili ilikuwa imetulia. Soipan alimweleza yote.

"Na hao panya walisema nini?" mzee akacheka. Kisha akauliza, "Inaweza kuniua?"

"Inaweza, Papa. Sijui."

"Na nikikaa hivi?"

Soipan akakifungua kichupa. Mzee akakunja mkono wa shati. "Dunga basi, entito ai, binti yangu."

Soipan akavuta dawa. Kipimo cha panya alikijua. Cha mtu alikuwa anakisia tu. Alipopaka spiriti, mzee aliruka kwa ule ubaridi, akarudisha mkono wake kifuani.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Soipan."

"Soipan yuko shule. Nani amekutuma na hiyo sindano?"

Leshan akamshika baba yake mabega. "Mdunge! Haraka!"

Mzee akapiga kelele, akirusha miguu, macho yamemtoka kwa hofu. Soipan alimwona mtu anayeshikwa na watu asiowajua. Akaimwaga dawa yote mchangani.

"Umemuua!" Leshan akasema, akamwachilia mzee na kuondoka.

Jumatatu Soipan alimwambia mkuu wake, Daktari Kavutha, alichofanya. "Tungemzika mzee," Kavutha akasema, "na hata hatungejua ni nini kimemuua." Soipan akafutwa kazi siku hiyohiyo.

Sasa yuko Kajiado. Asubuhi anatoka na ng'ombe pamoja na baba yake, ambaye anameza tembe za kawaida za kliniki. Siku nyingine mzee anamwita Soipan kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki, naye anaitika. Leshan bado hamsemeshi Soipan. Akileta sukari, anampita na kumkabidhi mzee mkononi.