Nilikwenda Goma Kufundisha Kukataa

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya maneno mawili ya Kiingereza. Vijana wa klabu moja ya Kiingereza huko Majengo, Goma, waliniomba niwafundishe vile vitenzi vya maneno mawili vinavyowasumbua, nami nikachagua "turn down", yaani kukataa. Nilifurahi kuitwa. Nafundisha sekondari, na mtu akiniita Prof kichwa changu huvimba kabla hajamaliza sentensi.

Ijumaa asubuhi nilipanda boti. Ziwa Kivu lilikuwa tulivu, nikapitia somo langu mpaka tukafika. Mkobani nilikuwa na chupa za maji na pakiti za biskuti, kwa sababu tulikuwa tumesikia kwamba Goma kuna kipindupindu.

Bandarini alinipokea Espérance, msichana wa klabu ile. Klabu haina uwezo wa kulipa hoteli, kwa hiyo ningelala kwao, Munigi, nje kidogo ya mji. Nyumba yao ni ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Mama yake alikimbia vita Masisi, akaishi kambini Kanyaruchinya kabla ya kupata nyumba hiyo.

Jioni mama huyo alileta bugali, sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa ziwani waitwao sambaza, wa kukaanga, akaviweka mbele yangu kabla ya watu wa nyumba kugusa chochote.

"Karibu, Prof. Ni kidogo, lakini ni ya mugeni."

Niliona sahani bado ina matone ya maji, nikaogopa.

"Aksanti, mama. Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, na unatoka mu boti?"

"Nilikula njiani."

Nilidanganya bila kupepesa macho. Hakunilazimisha. Niliingia chumbani, nikafungua biskuti. Kilichotutenga ni mbao nyembamba tu, na kila nilipotafuna mazungumzo ya upande wa pili yalikatika. Nilijua wananisikia, na bado nikamaliza pakiti nzima.

Jumamosi, Majengo, ukumbi ulijaa. Nilieleza kwamba kitenzi hiki hakifai kwa kila kukataa. Mtoto akigoma kuoga, hukitumii. Lazima kwanza mtu awe amekupa kitu kwa nia njema, kazi, mwaliko au posa, ndipo wewe useme hapana. Nilisema hayo kidole kikiwa juu, nikijisikia vizuri sana. Kisha nikaomba mifano.

Espérance alisimama. Kwa Kiingereza kilichonyooka akasema kwamba mama yake alimpikia mgeni, na mgeni akakikataa chakula. Kitenzi kilikaa mahali pake kabisa.

"Ni sahihi, Prof?" akauliza mwenzake.

"Sahihi," nikajibu.

Wakampigia makofi. Mimi niligeukia ubao nikafuta hata maneno ambayo hawajayanakili. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, kwani maana yote nilikuwa nimeifafanua mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mchana nilirudi Munigi kuchukua begi. Mama alikuwa anafagia.

"Mama, nisamehe. Jana sikuwa nimeshiba. Kama kuna chakula, naomba nile."

Akasimamisha ufagio.

"Leo hatukupika, Prof. Ile ya mugeni tulipika jana." Akauegemeza ufagio ukutani. "Tulijua unaogopa maji. Maji tunachemshaka. Ungeuliza tu."

Hakusema kwa hasira, na ningeshukuru kama angekasirika. Alibeba begi langu mpaka barabarani, nikashindwa kumnyang'anya.

"Ukirudia Goma, usilale kwingine," akasema.

Nikapanda boti ya kurudi. Nyumbani mke wangu aliuliza somo lilikwendaje. Nikasema vizuri, na hapo nikawa nimeongeza uongo wa pili.

Juzi Espérance aliniandikia. Klabu wanataka somo jingine, na mama anauliza nitafika lini. Nilianza kutunga visingizio: mitihani, upepo wa ziwani, mgongo unaouma. Kila kimoja kilikuwa na adabu, na kila kimoja kilikuwa kumkataa yule mama mara ya pili, safari hii kwa sababu tu naona haya kumtazama usoni. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ukumbini nililieleza bila kulijua: anayekataa humwachia mwenziwe mikononi kile alichomletea kwa nia njema.

Leo asubuhi nimejibu. Nimemwandikia amwambie mama nakuja, na nakuja na njaa.