Mama Zamu na Watu Wake wa Kujitolea

Kabla hajapewa jina la Mama Zamu, alikuwa muuza vitambaa mwenye duka dogo la mlango mmoja. Asubuhi moja watu wawili waliingia wakijifanya wanaulizia pazia, na walipotoka walimwacha sakafuni, mkono umevunjika. Hilo hakupenda kulisimulia. Alilopenda kusimulia ni habari ya mwanamke asiyemjua, mstaafu wa posta, aliyekuja kuketi naye kwenye benchi la mahakama siku nne, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa tena. Hakuwa wakili wala ndugu, na hakuna aliyemlipa. Alimweleza mapema hakimu ataingilia mlango upi na watuhumiwa watakaa upande gani, asije akashtuka.

"Kila mtu aliniambia pole," Mama Zamu husema. "Yule peke yake ndiye aliyeniambia choo kiko wapi."

Kesi ilipokwisha, alipanda ngazi hadi kwenye kituo kilichomtuma yule mama: vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, mahali wanaposaidiwa watu waliopigwa, walioibiwa, waliodhulumiwa majumbani mwao. Akauliza kama kuna kazi ya mtu mwenye mkono mmoja na nusu. Ikapatikana. Miaka mitatu akakaa mabenchini na wenzake, mpaka mkurugenzi, nesi mstaafu asiyependa maneno mengi, akamwita na kumwambia, "Kuanzia Jumatatu, wa kutafuta watu wa kujitolea na kuwasimamia ni wewe."

Akanunua karatasi ya manila, akachora ratiba ya zamu kwa penseli, akaibandika nyuma ya mlango. Jina likamganda hapo hapo.

Kutafuta watu hakukumshinda. Alisimama kwenye mikutano ya wazazi na kwenye nyumba za ibada, akaongea na wauguzi na wasusi. Aliyekubali alijaza fomu, akaleta wadhamini wawili, akahudhuria mafunzo Jumamosi tano na kuapa kutunza siri. Lakini kabla ya yote hayo Mama Zamu alimkalisha kitini na kufanya naye igizo, yeye akijifanya ndiye aliyepatwa na shari.

Ndivyo alivyokutana na kondakta, mzee wa miaka sitini na kitu aliyestaafu kuita abiria lakini sauti yake ilikuwa bado haijapata habari.

"Nimeibiwa jana," Mama Zamu akaanza, ameinamisha kichwa.

"Pole sana, mama! Unajua hata mimi, kwenye basi letu, mwaka ule wa mvua nyingi..." Dakika tatu hazijapita, ameshafika wizi wa pili.

"Baba, aliyeibiwa ni mimi."

"Kweli kabisa. Lakini huu wa tatu ndio wenyewe, hebu sikia."

Mama Zamu akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwambia kwa upole kwamba kazi hii ni ya masikio, na kwamba watu wengine hukaa saa mbili hawajatamka neno. Mzee akashika kofia yake. "Saa mbili kimya? Mke wangu akiniona kimya dakika kumi anatafuta dawa ya homa. Basi mama, siku ukipata kazi ya mdomo, niite."

Kufikia katikati ya mwaka alikuwa na watu kumi na wanne. Halafu ratiba ikaanza kutoboka. Mwalimu wa hesabu akasema ana mitihani ya kusahihisha. Fundi simu hakupokea tena simu, na hilo lilikuwa kituko. Wengine hawakusema kitu. Siku ya zamu ikifika, benchi tupu. Mwisho akaacha msusi, aliyekuwa hodari kuliko wote. Wakabaki sita, na Mama Zamu akawa anakimbia mwenyewe kutoka hospitali hadi mahakamani na ule mkono wake wa kuuma.

"Watu wa siku hizi ni moto wa mabua," alimlalamikia mumewe, fundi viatu, wakila chakula cha jioni.

Mumewe alitafuna kwanza. "Mteja mmoja akiniletea jozi nane, zote zimeliwa upande mmoja, sivilaumu viatu, mke wangu. Namtazama anavyotembea."

Mama Zamu alinuna. Aliosha vyombo kwa kishindo. Lakini kesho yake, kabla ya saa nne, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki saluni kwa msusi, akingoja mteja amalizwe.

Mteja alipotoka, msusi hakugeuka. Alikuwa akitoa nywele kwenye kitana, moja moja.

"Sikuja kukurudisha, mwanangu," Mama Zamu alisema. "Nimekuja kuuliza nilikosea wapi."

Msusi akasema, "Unamkumbuka yule dada niliyekwenda naye hospitali? Aliyepigwa na mumewe kichwani?"

"Namkumbuka."

"Nilimshika mkono wakati anashonwa. Nyuzi saba. Alipoeleza kwa daktari nilisikia. Alipoeleza polisi nilisikia, kisha akaeleza tena kwa polisi mwingine. Nikamfikisha kwa dada yake, nikarudi zangu nyumbani, nikapika, nikala. Kesho nikafungua saluni. Mama, mimi kazi yangu ni vichwa! Nikigawa nywele nikaona kovu, mikono inakufa. Najiuliza, hili nalo nani kalifanya? Mteja anadhani nimekutana na chawa."

Walicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. Msusi akaanza kulia.

"Ulinipigia simu siku ya tatu yake," aliendelea. "Nilifurahi nilipoona jina lako. Nilidhani unataka kujua hali yangu. Ukaniuliza kama naweza kushika zamu ya Alhamisi."

Mama Zamu alikuwa na majibu matatu ya kujitetea, yote ya kweli. Aliyameza. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye aliyekuwa akiwafundisha watu methali hiyo kila Jumamosi ndiye aliyewatwisha wenzake akaona ni usufi. Alivuta kiti karibu, akakaa hapo mpaka mteja wa saa sita alipobisha hodi.

Alirudi kituoni akamwambia mkurugenzi, "Watu hawakukimbia kazi. Wamenikimbia mimi." Yule nesi mstaafu akavua miwani. "Basi tutengeneze," akasema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Wakaweka utaratibu mpya. Hakuna kwenda hospitali peke yako. Watu wawili wawili. Aliyeshika kesi nzito, zamu inayofuata anakaa ofisini kupanga mafaili. Na kila anayemaliza zamu apigiwe simu siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, asiulizwe habari za mwathiriwa, maana hiyo ni siri, bali aulizwe habari zake mwenyewe. Swali likawa nani atapiga simu zote hizo, kila siku, bila kuchoka kuongea.

Mama Zamu akajipiga kofi kwenye paji la uso. Jioni ile ile alikuwa mlangoni kwa kondakta. "Baba, kazi ya mdomo imepatikana."

Mzee alikula kiapo cha siri kama askari, akapewa simu ya kituo na daftari. "Halo! Abiria wangu ameshuka salama?" Ndivyo alivyoanza kila mara. Atauliza umekula nini, nani yuko nyumbani, leo usingizi utakuja au utausubiri. Watu walizoea mpaka wakawa wanakaa karibu na simu saa zile. Na siku moja Mama Zamu alimkuta mezani na simu sikioni, kimya. Robo saa ikapita, halafu nusu. Kila baada ya muda mzee anasema neno moja tu, "Nipo." Alipokata simu, kofia yake ilikuwa imekunjwa ovyo mkononi. "Alikuwa analia," akasema. "Ningesema nini?" Mama Zamu akaenda kumletea maji.

Msusi alirudi baada ya miezi miwili. Kwanza hakutaka hospitali. Alikuja Jumamosi kuwafundisha wapya, akiwaeleza waziwazi yaliyomkuta, makovu na yote. Baadaye mwenyewe akaandika jina lake kwenye zamu za hospitali. Fundi simu naye akarudi. Mwalimu wa hesabu hakurudi. Mama Zamu alimwandikia barua ya kumshukuru na kumwomba radhi, isijibiwe, na akaona ni haki yake kutojibu.

Mwaka ulipokwisha walikuwa ishirini na mmoja. Mama Zamu akaazima viti duka la chini, akawakusanya wote alasiri moja, wakabanana magoti kwa magoti. Mkurugenzi alidhani atasema ahsanteni ya jumla, wanywe chai. Lakini Mama Zamu alikuwa na daftari. Alimshukuru mmoja mmoja kwa jambo lake: wewe uliyembebea mtoto mama yake akiandika maelezo polisi, wewe uliyevua viatu ukampa yule aliyekimbia nyumbani pekupeku, wewe uliyesema "hili siliwezi leo" nikapata kujua mapema. Alipofika kwa msusi, akasema tu, "Wewe uliniambia kweli," akafunua ukurasa mwingine.

Chai ikapoa. Kondakta akainua mkono. "Mama, hata mimi siku zangu, abiria ningekuwa nimeshawashusha."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Zamu naye akacheka, akalamba kidole, akatafuta mahali alipoishia. Walikuwa wamebaki wanane, na hakukusudia kumruka hata mmoja.