Matete ya Mistari

Kila nikifungua kibanda changu cha makaa hapa Silanga, Phanice huwa ameshainamia mapipa yake. Ni mapipa yaliyokatwa nusu, yamejaa matope na maji, na humo anakuza matete ya mapambo, yale yenye majani ya mistari myeupe ambayo wenye bustani hupanda kwenye vidimbwi vyao. Kazi yake kubwa ni kung'oa. Chipukizi likitoka kijani kitupu hukua haraka, na lisipoondolewa hufunika yenye mistari mpaka yaishe. Akimaliza kuinama hapo, anaenda Kawangware kuinamia nguo za watu.

Kwa hivyo Kavoi, fundi wa bustani wa Riruta Satellite, aliposema atachukua matete yote Jumamosi na mengine kila msimu, nilifurahi kuliko mwenyewe.

"Huyu akikuja kweli, kufua naacha," Phanice aliniambia. "Mgongo imekataa."

Halafu homa ya tumbo ikamlaza, na mama yake, Sella, akaja kutoka Bungoma kumuuguza. Sella hajui kukaa bure. Kwao, mahindi yakitoa mistari myeupe huo ni ugonjwa. Unayang'oa na kuyachoma kabla hayajaambukiza shamba zima. Basi akang'oa, akachoma, na yale ya kijani akayatilia mbolea.

Ijumaa Phanice alitoka nje akishikilia ukuta.

"Ilikuwa imeshikwa na ugonjwa," mama akamwambia kwa furaha. "Nimekuokolea hii mizima."

Phanice akaketi kwenye gunia langu la makaa, akiwa na nguo yake safi.

"Mama, hiyo ya mistari ndiyo watu wananunua. Hiyo ingine hakuna mtu anataka."

Sella akatazama jivu, kisha mikono yake. Nilimhurumia yeye zaidi, na sioni haya kusema. Mikono hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake wote.

Kavoi alipata matete kwingine. Phanice amerudi kwenye karai la nguo, na Sella hajaenda nyumbani.

Juzi, kwenye kipande cha mzizi kilichosalia matopeni, lilichomoza jani lenye uzi mweupe. Sella hakuligusa. Alisimama kando yake mchana kutwa akifukuza kuku, hadi Phanice akarudi jioni, mikono imenyauka kwa sabuni. Mama akalionyesha kwa mbali.

"Hii ni ngonjwa ama ni nzima?"

"Ni nzima, mama," Phanice akasema. "Sasa kuja ukae."